Mbwa wa Gibson, fisi wa Hollywood na skripti yangu ya kufuta matusi

Najua nimepotea wiki kadhaa na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimefungiwa na kazi moja ambayo mwanzoni niliiona ya siku mbili, ikanila mwezi mzima. Leo nawasimulia, ila onyo mapema: hadithi inaanzia hapa Machakos, inapitia Ujerumani ya 1943, halafu inarudi kwa fisi.

Kituo kidogo cha runinga (jina naliweka kapuni) kilitaka kuonyesha filamu za kale za vita kila Jumamosi, pamoja na manukuu ya Kiswahili chini ya picha. Mzee anayesimamia vipindi akaniita. "Kijana wangu, wewe ni mtu wa tarakilishi. Nataka mashine inyamazishe matusi yenyewe, mimi sina mtu wa kukaa akisikiliza filamu ya saa mbili."

Kwa mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta hilo si jambo la kutisha. Faili ya manukuu ni maandishi matupu: kila mstari una saa ya kuanza na ya kuisha, hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Unaisoma faili, unatafuta neno baya, unachukua saa zake, kisha unaiambia programu ya video ishushe sauti hadi sufuri katika muda huo. Wazo lenyewe si langu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani kulikuwa na kisanduku kilichoitwa TVGuardian, ambacho kilisoma maandishi ya viziwi yanayosafiri ndani ya mawimbi ya runinga na kunyamazisha sauti kikikutana na neno lililo kwenye orodha. Mimi nilikuwa nakipika upya kile chakula kwa sufuria ya kisasa.

Filamu ya kwanza niliyojaribia ni The Dam Busters ya 1955. Mwongozaji ni Michael Anderson, na Richard Todd anaigiza kama Guy Gibson, rubani aliyeongoza Kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza. Kisa ni cha kweli. Usiku wa tarehe 16 Mei 1943 ndege 19 aina ya Lancaster ziliruka kutoka Scampton kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani kwa bomu lililodunda juu ya maji, kama jiwe la bapa unalorusha mtoni. Bomu hilo, kazi ya mhandisi Barnes Wallis, lilizungushwa kinyumenyume mara 500 kwa dakika kabla ya kuachiwa, na ndege ilipaswa kuwa futi 60 tu juu ya maji. Watapimaje futi 60 gizani? Walifunga taa mbili chini ya ndege zikielekea maji kwa pembe. Miale yake ikikutana juu ya maji na kuwa doa moja, umefika. Hakuna kompyuta, hakuna rada. Mimi hupenda suluhisho la namna hiyo kupita kiasi, nisameheni.

Mabwawa ya Möhne na Eder yalipasuka. Ndege 8 hazikurudi, wanaanga 53 wakafa. Kule bondeni maji yaliua zaidi ya watu 1,200, wengi wao vibarua wa lazima na wafungwa waliotolewa nchi nyingine.

Sasa, Gibson alikuwa na mbwa mweusi. Mbwa huyo alipewa jina ambalo ni tusi kubwa wanaloitwa watu weusi kwa Kiingereza, lile la herufi sita linaloanza na N. Aligongwa na gari akafa kabla tu ya shambulio. Jina hilo hilo ndilo lililochaguliwa kuwa neno la siri: bwawa la Möhne likipasuka, ndege itume neno hilo kwa Morse. Kwa hiyo katika filamu hulikwepi. Rubani anamwita mbwa wake, marafiki wanamtaja, na saa ya ushindi afisa kule makao makuu analipokea redioni na kulitangaza kwa furaha chumba kizima.

Waingereza wenyewe wamehangaika nalo. Huko Marekani kulikuwa na nakala ambayo sauti ilibadilishwa, mbwa akaitwa Trigger. Mwaka 1999 ITV ilionyesha filamu hiyo jina likiwa limekatwa kila linapotajwa. Watu walipolalamika, ITV ikaelekeza kidole kwa kampuni ya London Weekend Television, nayo ikasema ni mfanyakazi wa ngazi ya chini aliyekata bila ruhusa. (Kila kampuni ina huyo mfanyakazi wa ngazi ya chini. Nimewahi kuwa yeye.) Mwaka 2001 ikaonyeshwa tena imekatwa, na shirika la Index on Censorship likasema ukataji huo hauna maana na umevuruga mtiririko wa filamu. Peter Jackson alipopanga kuitengeneza upya, ilitangazwa kwamba mbwa angeitwa Digger. Na Julai 2020 hata jiwe la kaburi la mbwa huyo pale Scampton liliondolewa, likawekwa jingine lisilo na jina.

Skripti yangu ililikamata neno kila mahali lilipoandikwa katika manukuu, nikajipigia makofi. Ila Morse haina manukuu. Unaweza kubadilisha sauti za waigizaji upendavyo, lakini mstari-nukta, nukta-nukta, mstari-mstari-nukta zinabaki zikitaja lile lile kwa yeyote anayejua kusoma. Mimi najua, ni ugonjwa wa utotoni.

Manukuu ya Kiswahili ndiyo yaliyonivua nguo. Nilikuwa nimeweka "mbwa" kwenye orodha, kwa sababu katika filamu nyingine za vita mtu huitwa mbwa kwa nia ya kumtukana. Nikaketi kutazama. Inafika sehemu ya mafuriko, na pale nilipoandika kwamba vijiji vilisombwa na maji, skrini inaonyesha "vilisonyota nyota nyota nyota". Nikaangalia tena: so-mbwa. Vilevile "wimbo ulioimbwa", "shimo lililochimbwa", "waliokumbwa na njaa". "Mavizio", neno ambalo filamu ya vita haiwezi kukosa, nalo likafutwa mwanzo wake. Na "kumaliza vita"… tazameni herufi nne za kwanza, sitasema zaidi, kuna watoto humu.

Kasoro hii ni ya zamani. Mwaka 1996 kampuni ya AOL ilikataa kusajili wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kwa sababu jina la mji wao lina tusi tumboni. Kwa Kiingereza dawa ni rahisi: iambie programu itafute neno zima lenye nafasi pande zote mbili. Kwa Kiswahili dawa hiyo inaleta ugonjwa mwingine, kwa sababu tusi letu halisimami peke yake. Chukua shina "-shenzi". Lina mshenzi, washenzi, ushenzi, kishenzi. Ukitafuta neno zima unahitaji orodha ndefu ya viambishi. Ukitafuta shina tupu unaanza kufuta vitu visivyo na hatia. Nilimaliza nikiandika kichanganuzi kidogo cha viambishi vya ngeli, na hapo ndipo mwezi ulipoyeyukia.

Neno hilo ndilo lililonitoa kwenye msimbo likanipeleka kwenye historia. Katika karne ya 19 watu wa pwani walimwita hivyo mtu wa bara, yule asiye Mwislamu, asiye na ustaarabu wa mji. Mababu zangu Wakamba waliokuwa wakishuka Mombasa na pembe za ndovu bila shaka walilisikia. Walowezi Waingereza walipofika wakalichukua, "shenzi", wakaliingiza katika Kiingereza chao wakimaanisha mtu au kitu chochote cha Kiafrika kilicho duni. Orodha ya matusi niliyoipakua kutoka intaneti, ya maelfu ya maneno ya Kiingereza, haikuwa nalo. Kwa hiyo mzungu akitukana Mwafrika kwa Kiswahili katika filamu ya Kiingereza, mashine inampigia saluti.

Na kuna ushahidi mzuri zaidi. Mwaka 1994 Disney walitoa The Lion King. Fisi jike anaitwa Shenzi, sauti ni ya Whoopi Goldberg. Filamu ilipotengenezwa upya 2019 jina likabaki, safari hii sauti ikiwa ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Watoto wetu wameitazama sebuleni mchana kweupe na hakuna anayekata. Nikasema moyoni: mbwa yule na fisi huyu ni ndugu.

Kukata filamu kwetu si jambo jipya pia. Sheria ya kwanza ya kusimamia michezo ya jukwaani na sinema hapa Kenya ni ya 1912. Enzi za ukoloni wakaguzi waliweza kuruhusu filamu kwa Wazungu na kuizuia kwa Waafrika. Tusi kwa mtu mweusi halikuwa shida yao. Walichoogopa ni Mwafrika kumwona mzungu akiiba, akilewa, akipigwa, au mzungu wa kike akiwa nusu uchi. Vita vya Mau Mau vilipochacha, London na Hollywood zikatengeneza filamu juu yetu: Simba mwaka 1955, Something of Value mwaka 1957, Sidney Poitier akiwa Kimani. Hizo nazo ni filamu za vita, na ukizipitishia skripti yangu zinatoka karibu safi, kwa sababu dharau yao haimo katika neno moja unaloweza kulipigia king'ora.

Baadaye ikaja Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyopitishwa 1962, mwaka uleule runinga ilipoanza nchini. Bodi iliyotokana nayo ndiyo iliyopiga marufuku The Wolf of Wall Street mwaka 2014. Kuna kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano, ambazo zinawalinda watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Na baada ya damu ya 2007 na 2008 tukapata sheria ya utangamano ya 2008 yenye kosa la matamshi ya chuki. Aprili 2022 tume ya NCIC ikatoa orodha ya maneno ya kuchunga kabla ya uchaguzi, "madoadoa" likiwemo. Kama mtu wa programu niliisoma kwa huruma. Madoadoa ni neno la kawaida kabisa. Mashine itajuaje kama unasema chui au jirani yako?

Nilimletea susu tarakilishi tutazame pamoja. Baba yake alikuwa katika King's African Rifles, alipigana Burma 1944, mmoja wa Wakenya karibu 98,000 waliotumikia vita ile. Ukimya ulipokuja kwa mara ya kumi akaniuliza kama spika imeharibika. Nikamweleza. Akakaa. Halafu akauliza, "Na askari wetu wanatokea wapi?" Hawatokei, susu, hii ni ya ndege. "Kwa hivyo sisi tumo kwa jina la mbwa tu, na wewe umelitoa."

Sikuwa na jibu. Akaendelea kusimulia kwamba baba yake alirudi na medali na bado karani mwenye umri wa kijana alimwita "boi" alipokwenda kuomba karatasi yake.

Nilirudi kwa mzee wa kituo nikapendekeza filamu ionyeshwe nzima, baada ya saa nne usiku, na maelezo mwanzoni ya kusema jina hilo ni nini na lilitoka wapi. Nikamtajia Saving Private Ryan: tarehe 11 Novemba 2004 vituo zaidi ya 60 vya ABC Marekani viliikataa kwa kuhofia faini ya matusi, kwa vile mkataba na Spielberg haukuruhusu kukata. Februari 2005 tume ya FCC ikaamua kwamba lugha ile katika vita vile haikuwa kosa. Mzee akanisikiliza vizuri, akaninunulia chai. Akasema, "Kijana wangu, wewe unafikiria historia, mimi nafikiria mtu anayepiga simu kesho asubuhi." Pia ana hoja: mtoto wa jirani hasomi maelezo, anashika neno.

Mwishowe filamu itakatwa, ila amekubali maelezo yawekwe, sekunde ishirini. Morse imebaki. Sikumwambia.

Skripti inafanya kazi kwa Kiswahili sasa, "kusombwa" inapita salama. Kikamba bado haijui hata neno moja, na viambishi vya Kikamba vinanishinda. Mwenye orodha aniletee, hata iliyoandikwa kwa mkono. Nusu ya malipo yangu nayo bado naingoja.