Rehema

Rehema, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina ndugu yake katika Kiebrania, rahamim, lenye shina moja na rehem, yaani tumbo la uzazi. Nabii Hosea, aliyehubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli karne ya 8 kabla ya Kristo, aliamriwa amwite binti yake Lo-ruhama, maana yake “asiyehurumiwa”, hivi kwamba kila aliyemwita mtoto huyo aliitamka hukumu ya taifa zima. Samaria, mji mkuu wa ufalme huo, ilitekwa na Waashuri mnamo 722 kabla ya Kristo. Hata hivyo, kitabu hichohicho cha Hosea kinaondoa kikanushi lo, binti akabaki Ruhama, “aliyehurumiwa”; wanaodai kuwa manabii walihubiri ghadhabu tupu hawajafika sura ya pili.