Kinga ya umaskini wa watoto Kivu ya Kaskazini: kutoka ushirika wa wavuvi hadi zoni za afya

Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini-magharibi mwa Ziwa Edward, katika sheferi (eneo la utawala wa kimila) ya Bashu, wilaya ya Beni, ni kimojawapo cha vituo vitatu vya uvuvi, vingine vikiwa Vitshumbi na Nyakakoma, vinavyotambuliwa kisheria upande wa Kongo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Virunga. Kuishi ndani ya hifadhi kunaueleza umaskini wa watoto wa kijiji hicho kuliko jambo lingine lolote, kwa kuwa ardhi inayokizunguka ni ya wanyama wala si ya jembe, na kila nyumba inategemea samaki. Samaki wakipungua kwa sababu ya nyavu zilizokatazwa, au baba akikamatwa na askari wa majini wa Uganda kwa kuvuka mpaka usioonekana majini, mara nyingi mtoto wa kiume huingia mtumbwini na wa kike huingia sokoni, na daftari la shule huwekwa kando.

Huduma za kinga ni zile zinazomfikia mtoto kabla umaskini haujamdhuru: kliniki ya mama mjamzito, chanjo, cheti cha kuzaliwa, shule isiyo na ada, na mtumishi wa mambo ya jamii anayeijua familia kwa jina. Uratibu ni kuziunganisha huduma hizo ili mtoto anayetoka mikononi mwa mmoja apokewe na mwingine. Nchini Kongo huduma hizi zilikuja moja moja, kila moja na wizara yake, na historia yake inaonyesha kwamba zilishikana tu pale hatari ilipokwisha kubisha hodi.

Mbuga ilianzishwa na utawala wa Ubelgiji mwaka 1925 kwa jina la Mbuga ya Albert, ikapanuliwa katika miaka iliyofuata hadi kulifikia ziwa, na vita dhidi ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, vilikuwa sababu nyingine ya kuwaondoa wakazi wa ufukoni. Uvuvi ulirudishwa kwa utaratibu mpya baada ya Vita Kuu ya Pili, ulipoundwa ushirika wa wavuvi wenyeji uliojulikana kwa kifupi kama COPILE, ambao baadaye, katika enzi ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ulichukua jina la COPEVI. Wazo lililouzaa ushirika huo linastahili kukumbukwa, kwa sababu mapato ya samaki yalikusudiwa pia kuwanufaisha wenyeji wa sheferi zinazolizunguka ziwa, kama fidia ya ardhi waliyoipoteza. Kwa maneno mengine, palikuwa na chanzo cha fedha cha mahali penyewe ambacho kingeweza kumlea mtoto wa mahali penyewe. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1947, Ubelgiji iliunda Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, uliogharamia visima, zahanati na shule vijijini, kwa mtazamo ulio sahihi hata leo kwamba maji safi, afya na elimu havitenganishiki. Kasoro yake ilikuwa kubwa: wenyeji walipangiwa bila kuulizwa, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1960 palikosekana chombo cha kienyeji cha kuendeleza kazi hiyo.

Serikali huru iliweka msingi mwingine. Mwaka 1961 ilianzisha Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS, iliyorithi mifuko ya kikoloni, ukiwamo wa posho za familia, yaani fedha anazoongezewa mfanyakazi kwa ajili ya watoto wake. Mpango huo ulimhusu mwenye mkataba wa kazi na mshahara, na mvuvi wa Kyavinyonge, mchuuzi wa mji wa Butembo na mkulima wa milima ya Bashu hawakuwa na kimojawapo. Sheria ya Julai 2016 iliyoibadilisha taasisi hiyo kuwa CNSS ilipanua haki kwenye karatasi, lakini mchango bado ndio mlango, na familia isiyo na kipato cha kila mwezi huuona mlango huo kwa mbali.

Hatua iliyodumu zaidi ilitoka upande wa afya. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliotangaza huduma ya afya ya msingi, Zaire iliigawa nchi nzima katika zoni za afya 306 katikati ya miaka ya 1980, kila zoni ikiwa na hospitali kuu, vituo vya afya chini yake, na kamati za wananchi. Idadi hiyo sasa imezidi 500. Ubora wa muundo huu ni kwamba ulilikabidhi shirika lolote lililopo mahali, likiwamo la kanisa, sehemu ya kazi ya umma; ndiyo maana Dayosisi ya Kikatoliki ya Butembo-Beni na Kanisa la Kibaptisti la CBCA viliweza kuendelea kuwatibu watoto hata dola ilipoporomoka. Shule zilifuata njia inayofanana kupitia mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, ila huko mzigo ulimwangukia mzazi: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokauka, wazazi walianza kuwalipa kwa kile kilichoitwa motisha. Kanuni iliyokusudiwa kuiokoa shule ikageuka kizuizi kwa mtoto maskini, na ilidumu kwa karibu miaka 30.

Katiba ya Februari 2006 ilitamka katika kifungu cha 43 kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, na Sheria Namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto ikaenda mbele zaidi. Sheria hii inamtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18, inampa haki ya kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, inaunda mahakama za watoto, na inataja Baraza la Taifa la Mtoto pamoja na wakaguzi wa mambo ya jamii. Kwa mwenye kuisoma kwa makini, huo ni uratibu wenyewe ulioandikwa kisheria, miaka kumi kabla ya elimu ya bure kuanza kutekelezwa. Utekelezaji ulianza Septemba 2019 chini ya Rais Félix Tshisekedi, na madarasa yakafurika, huku walimu wengi wakingali hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 mwaka 2020 ili kusaidia mpango huo.

Nchi nyingine zimelijaribu jambo hili kwa makusudi. Jimbo la Nordrhein-Westfalen nchini Ujerumani lilianza mwaka 2012, pamoja na miji na wilaya 18 za majaribio, kuunganisha wakunga, shule za awali, ofisi za vijana na shule za msingi katika mnyororo mmoja unaomsindikiza mtoto tangu tumboni mwa mama hadi anapoanza kazi. Ujerumani ina fedha ambazo Kongo haina, lakini kilichonunuliwa huko hakikuwa majengo. Kilikuwa muda wa mtumishi mmoja wa manispaa mwenye wajibu wa kuwakutanisha wengine.

Butembo na Beni ziliwahi kuuona uratibu wa namna hiyo, kwa gharama ya kutisha. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao, na zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto. Kando ya vituo vya matibabu vya Beni na Butembo palifunguliwa, kwa msaada wa UNICEF, vituo vya kulelea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa, na walezi walikuwa akina mama walionusurika, kwa kuwa miili yao ilikuwa imekwisha kupata kinga. Mtoto mmoja aliweza kupewa lishe, mlezi, ufuatiliaji wa afya na msaada wa kisaikolojia kwa mpango mmoja, huku kaya zilizokuwa chini ya uangalizi zikipelekewa chakula. Hata hivyo, mashambulizi ya Februari 2019 dhidi ya vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo yalifundisha jambo ambalo wapangaji wengi walilidharau: watu walioishi na mauaji ya raia katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014 bila kulindwa hawakuona sababu ya kuamini msaada uliofika kwa haraka namna hiyo kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mlipuko ulipoisha, bajeti ziliisha, na sehemu kubwa ya uratibu ikafungwa pamoja na mahema.

Kilichobaki vijijini ni mitandao ya jamii ya kulinda watoto, RECOPE, yenye wanakijiji wanaojitolea kutambua mtoto aliyeacha shule au kutengwa na familia. Hao ndio kiungo cha kwanza, lakini kiungo kisichofungwa popote hakivuti kitu. Tangu Januari 2025, Goma, makao makuu ya mkoa, ilipotekwa na waasi wa M23, serikali ya mkoa inafanya kazi zake kutoka Beni, kwa hiyo wakuu wa afya, elimu na mambo ya jamii wako karibu na Kyavinyonge kuliko wakati wowote katika historia ya mkoa. Wakutanishwe, wapewe kifungu kimoja cha bajeti kwa ajili ya watoto wa vituo vya uvuvi, na sheria ya 2009 ianze kutekelezwa hapo.