Kudhani, Kukisia na Kuunda Nadharia

Kiswahili kina nomino nadharia, lakini hakina kitenzi kimoja kilichozoeleka kwa tendo lake. Waandishi hutumia kudhani, kukisia, kubuni au kuunda nadharia, kana kwamba vyote ni sawa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo.

Asili ya nadharia ni kutazama. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuona na kuzingatia, nao ndio uliozaa nadhari. Wanafalsafa waliosoma vitabu vya Kiyunani kwa Kiarabu, tangu karne ya 9, waliutumia kutaja elimu ya fikra, mbali na elimu ya vitendo. Theoria ya Wayunani nayo ilikuwa kutazama. Kudhani kumetoka mzizi mwingine wa Kiarabu, nako ni kusadiki bila hakika. Kukisia hukaribia kupima, lakini kipimo chake ni cha jicho tu.

Historia ya isimu ya Kibantu inatoa mfano. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek alizipa lugha hizo jina; mwaka 1899 Carl Meinhof alilinganisha sauti zake. Baadaye likazuka swali la chimbuko. Joseph Greenberg alitazama lugha zilizo jamaa ya karibu na Kibantu, akaziona nyingi mpakani mwa Nigeria na Kamerun, akaweka chimbuko huko. Malcolm Guthrie alikusanya mizizi ya maneno, akaihesabu, akaona kwamba Kibemba na Kiluba vimehifadhi mingi kuliko vingine. Kwa hiyo aliweka kiini cha kuenea kwa Wabantu katika nchi za Waluba na Wabemba, yaani Katanga na jirani zake.

Wataalamu wengi wamefuata rai ya Greenberg. Walimjibu Guthrie kwamba wingi wa mizizi hauonyeshi mwanzo, bali tofauti kubwa baina ya lugha jirani ndiyo dalili ya ukaaji wa kale.

Je, Guthrie alidhani tu? La. Alionyesha mizizi yake na njia yake, ndiyo maana aliweza kupingwa kwa hoja. Dhana tupu haipingiki; hukubaliwa au hupuuzwa. Msomi wa Katanga anayependa rai ya Guthrie kwa sababu inaitukuza nchi yake, huyo ndiye anayedhani. Kuunda nadharia ni kutazama mbele ya watu, na kuwaachia wengine nafasi ya kutazama tena.