Mvinje na Jongoo: Bustani Iliyoota Juu ya Jiwe

Neno "bustani" lilitufikia kutoka Kiajemi, na asili yake ni mahali penye harufu nzuri. Labda ndiyo sababu wanafunzi wetu, watakiwapo kueleza bustani, hutaja maua kwanza. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za bustani ambayo haikuanza kwa ua hata moja.

Mwaka 1954 kiwanda cha saruji kilianza kazi huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Malighafi yake ilikuwa matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu baada ya bahari kurudi nyuma. Miaka haikupita mingi pakawa jangwa la jiwe tupu: hapana udongo, hapana kivuli, na maji ya chumvi yako karibu chini yake.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupaotesha miti. Hakuuliza ni mti gani unaopendeza, bali ni mti gani unaoweza kuishi pale. Alijaribu aina 26. Zilizosalimika ni tatu tu: mnazi, mvinje, na Conocarpus lancifolius, mti wa nchi za Pembe ya Afrika. Yote mitatu huvumilia chumvi na ukame.

Mvinje ndio uliotia fora. Watu wa pwani waujua tangu zamani, kwani huota mchangani kando ya bahari na hutoa nguzo za kujengea. Katika mizizi yake mna vinundu vyenye bakteria ambao huchukua naitrojeni hewani na kuulisha mti. Kwa hiyo haungojei udongo wenye rutuba.

Hata hivyo, tatizo jipya lilizuka. Majani yake membamba yalianguka na kurundikana bila kuoza, kwa kuwa yana tanini nyingi. Dawa ilipatikana kwa jongoo mwenye miguu myekundu, aliyeonekana akiyatafuna. Majongoo kwa mamia yaliletwa machimboni. Yakala majani makavu, na kinyesi chao kikawa chanzo cha mboji. Udongo ulipopatikana, miti mingine ya misitu ya pwani ikapandwa kwa zamu yake, kisha wanyama wakaletwa. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa wageni, na leo huitwa Haller Park.

Ni dhahiri kwamba bustani ile haikujengwa na mti mmoja. Kila kiumbe kilimtayarishia mwenzake makao, na mwanadamu alifuata utaratibu huo badala ya kuupinga.

Sisi tufundishao Kiswahili mbali na pwani tunalo la kujifunza. Mara ngapi tumepanda miche mizuri mbele ya madarasa, wanafunzi wakaimwagilia kwa ndoo, na kiangazi kikaikausha yote? Hatukuuliza udongo wetu ni wa namna gani, wala ni miti gani inayoota yenyewe vichakani jirani. Mwanafunzi aonapo mche wake umekufa mwaka hadi mwaka, huamini kwamba kupanda ni kazi bure. Na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya mche.

Basi, tufundishapo maneno "mvinje", "jongoo" na "mboji", tusiishie kwenye ngeli zake. Tuwatoe wanafunzi nje, wachunguze ardhi ya shule yao na kuitaja mimea yake kwa majina. Kisha ndipo tupande.