Kanga: Chombo cha Kila Siku Kinachochokoza



Utotoni mwangu Mbegani nilimwona shangazi yangu akipita mbele ya ua wa jirani mara tatu kwa asubuhi moja, ilhali njia ya kisimani ilikuwa upande mwingine. Hakutamka neno. Jirani aliingia ndani, akafunga mlango. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba shangazi alikuwa amekwisha kusema: kanga yake ilikuwa na jina.

Siku hizi husifiwa vijana wabunifu wanaounda kiti, taa au kikombe kwa namna ya kumchokoza mtumiaji. Pwani yetu ililijua jambo hilo zamani.

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa bandari ya vitambaa. Misafara ya bara iliondoka na marobota ya merikani, nguo ya pamba iliyotoka Marekani, na ya kaniki iliyotiwa nili. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne hiyo wanawake wa Unguja na mwambao walinunua leso zikiwa bado katika gora, wakakata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa hivyo. Basi mbunifu wa kwanza hakuwa mwenye duka, bali mvaaji.

Istilahi zake zenyewe ni historia: leso imetoka katika Kireno, doti katika lugha za Bara Hindi, na kanga ni yule ndege wetu wa madoadoa.

Wala nguo hii haikuwa pambo tupu. Kaniki ilihusishwa na utumwa. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja, wanawake waliowahi kuwa watumwa walijitanda kanga kudai uungwana wao hadharani.

Maneno yaliingia baadaye. Mara nyingi hutajwa Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887. Maandishi yalikuwa kwanza ya hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kanga zilichapwa Ulaya, India na Japani. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama. Tazameni jina hili: “Mdhaniaye ndiye kumbe siye.” Anayesemwa ni nani? Kiambishi cha ngeli hakibagui mume na mke. Anaweza kuwa mume, mke mwenza, au jirani. Sarufi yenyewe imemficha mlengwa, na pindo limemficha msemaji, kwa kuwa mvaaji akiulizwa hujibu: hii ni nguo tu, nimeinunua dukani. Msemo haujawa tusi mpaka mtu ajihisi kwamba amesemwa. Kwa hiyo maana haikamiliki kiwandani. Hukamilika pale inapojulikana nani kavaa, kapita wapi, na mbele ya nani.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaokusanya majina ya kanga kama orodha ya methali. Orodha hutupa sentensi, haitupi tendo. Aliyechagua jina, akangoja siku yake, akalipitisha mlangoni kwa mtu, naye ni mtunzi, ingawa hakuna aliyeandika jina lake.

Kanga ya shangazi ilichakaa. Ikawa mbeleko, kisha tambara la jikoni, kisha ikaisha. Na maneno yaliyomfungisha jirani mlango yakaisha nayo, maana mimi sikuwa nimejifunza kusoma. Wanafunzi wangu, rudini nyumbani mkaulize mapema. Andikeni jina, mwaka, mtaa, na kisa. Masanduku ya bibi zenu ni maktaba, na nondo hawangoji.