Nauli ya Jino

Mtu wa kisiwa cha Mafia aliyeumwa jino katika ujana wa baba yangu alikuwa na matabibu watatu: mtunguja, mganga na fundi mwenye koleo. Mzizi wa mtunguja ulitafunwa upande wa jino bovu mpaka ufizi ukafa ganzi. Wenye jamaa Unguja au Pemba walikuwa na karafuu, wakaisaga na kuipachika kwenye tundu. Ikishindikana, wakaenda kwa mganga, maana kwetu maradhi yenye ukaidi hayakosi kutajiwa jini. Fundi alikuja mwisho, watu wakishachoka kulia. Niliyemwona mimi Kilindoni alikuwa fundi wa mashua. Asubuhi koleo lake liling'oa misumari, jioni likang'oa magego, na lilikuwa koleo hilo hilo.

Mimi ni tabibu wa meno mstaafu. Naandika haya kwa sababu mjukuu wa dada yangu, aliyezaliwa Toronto na anayesema Kiswahili chenye lafudhi ya theluji, anaomba nafasi katika vyuo vya meno vya Marekani. Fomu inamtaka aandike insha kueleza kwa nini amechagua meno. Akanipigia simu. "Shikamoo Babu. Kwetu meno yalianza na nani?" Alitaka sentensi mbili za kuchomeka kwenye insha. Nilimwambia asubiri, kwa kuwa kwa mtu wa Mafia elimu ya meno imekuwa ng'ambo ya maji siku zote, na kila kizazi kilivuka maji yake.

Tuanze na meno yenyewe. Karne ya 19 kisiwa hiki kilijaa minazi ya mabwana wenye asili ya Oman, na waliopanda, kukwea na kufua nazi walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, wengi kutoka kusini. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Nilipokuwa mtoto walikuwa wangalipo vikongwe, wachache sana, waliobakiwa na meno ya mbele yaliyochongwa ncha, kama ilivyokuwa desturi ya Wamakonde na baadhi ya jirani zao. Sisi watoto tuliwacheka kwa kujificha. Baadaye, nikiwa na kioo cha kazi mkononi, niliistaajabia kazi ile: mtu alichonga kitu kigumu kuliko mfupa, bila ganzi wala taa, na jino likaishi miaka 60 baada yake. Waungwana nao walikuwa na urembo wao, tambuu, yaani jani na popoo na chokaa, na mdomo mwekundu ulikuwa dalili ya mtu mwenye nafasi. Mswaki wa mti ulikuwa wa wote, bwana na mtwana, na jino la utoto lilirushwa juu ya paa la makuti.

Wajerumani waliichukua Mafia mwaka 1890 pamoja na pwani nzima ya Tanganyika, wakamlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4. Makao yao yalikuwa Chole, na mwaka 1913 wakayahamishia Kilindoni. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa ili waifikie manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Wote hao walikuwa na madaktari wao. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na hospitali ya Ocean Road kwa Wazungu na ya Sewa Haji kwa wengine. Kwa mwenye jino Mafia mambo hayo yalikuwa na maana moja tu, kwamba koleo la kidaktari lilikuwa Dar es Salaam.

Na Dar es Salaam ilikuwa safari. Mashua ilingoja upepo, kusi au kaskazi, na jino halingoji upepo. Nakumbuka watu waliopanda chombo shavu limevimba wakashuka upande wa pili usaha umeshapasuka wenyewe, wakaamua kurudi na chombo kile kile. Kung'oa jino katika hospitali ya serikali kulikuwa bure au senti kidogo. Kilichomshinda mtu ni nauli, na mahali pa kulala, na siku za shamba zilizopotea. Wazee wetu wakawa wanasema fulani amelipa nauli ya jino, wakimaanisha amegharamika kwa kitu kidogo.

Huyo aliyekuwa Dar es Salaam na koleo alijifunzia wapi? Hapa ndipo mjukuu wangu alipotega sikio. Chuo cha kwanza cha meno duniani kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840. Toronto yake wakapata chao mwaka 1875. Afrika Mashariki tulikuwa na Makerere, iliyoanza kufundisha waganga Mulago tangu 1924, lakini shahada ya meno haikuwamo. Nairobi walianza mwaka 1974. Makerere wenyewe mwaka 1982. Kwa hiyo kabla ya 1974 kijana wa pwani hii, hata awe na akili namna gani, hakuwa na mlango wa shahada ya meno kuanzia Kampala mpaka Dar es Salaam. Alikuwa na ng'ambo tu.

Baada ya Uhuru ng'ambo hiyo ilikuwa pana. Nafasi zilitoka India, Misri, Bulgaria, Urusi. Aliyepelekwa Moscow au Sofia alianza na mwaka mmoja wa lugha, ndipo akaruhusiwa kugusa anatomia. Wenyewe walitusimulia kwamba mtihani wa mdomo wa magonjwa ya ufizi, ukiulizwa kwa Kibulgaria, hukufanya usahau hata jina la mama yako. Lakini hakuna aliyeomba nafasi hizo kwa kujaza fomu nyumbani kwake usiku, kama anavyofanya kijana wa leo. Serikali ilichagua. Wizara ilikuambia wewe ni meno, yule ni mifugo, na ukaenda. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 ikaongezeka ngazi nyingine: aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa apite Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, tena apendekezwe na alikofanyia kazi.

Sasa mweke hapo mtoto wa Mafia. Sisi tulipomaliza la saba, kisiwa hakikuwa na sekondari. Waliofaulu, na mwaka mwingine walihesabika kwa vidole, walivuka kwenda bara, wakasoma bweni, wakarudi likizo kama kusi inawaruhusu. Mpaka ufike kidato cha sita chenye fizikia, kemia na baiolojia, umeshavuka bahari mara nyingi kuliko nahodha wa kisiwa jirani cha Jibondo. Ndiyo maana hadithi za mababu waliokuwa madaktari wa meno hazipo kwetu. Mjukuu alisikitika kidogo kusikia hivyo. Nadhani alikuwa ameshatayarisha aya nzima.

Mwaka 1979 Muhimbili, wakati huo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza kufundisha shahada ya meno. Waholanzi walitia mkono mkubwa. Madarasa ya mwanzo yalikuwa madogo, na wahitimu walihitajika kila mkoa, kwa hiyo hakuna aliyetazamia mmoja ashuke Kilindoni na mkoba wake. Kilichotufikia kilikuwa kada ya chini. Nchi ilifundisha matabibu wa meno katika shule za Tanga na Mbeya, watu wa kung'oa, kusafisha ugaga, kuziba tundu dogo na kujua lini wakuandikie rufaa. Mimi nilisoma Tanga miaka ya 1980. Sikuwa daktari na sijawahi kujiita daktari, ingawa Kilindoni yote iliniita hivyo mpaka nikaacha kubisha.

Nina maoni yangu hapa na sitayaficha. Vitabu vya historia ya tiba huhesabu shahada, nani wa kwanza, chuo kipi. Mgonjwa wa kijiji chetu cha Bweni hakuhitaji shahada. Alihitaji mtu mwenye sindano ya ganzi upande huu wa maji, na huyo alitoka Tanga baada ya mafunzo ya miaka michache na mshahara mdogo. Tulioitwa wasaidizi ndio tulioifuta nauli ya jino.

Zana zetu zilikuwa chache. Mashine ya kutoboa jino inataka umeme, na umeme wa jenereta una saa zake. Hapo ndipo kitu kimoja kikubwa kilipotokea, na kilitokea Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, na wenzake waliokuwa wakishughulikia afya ya kinywa vijijini, walijaribu kuliponya jino bila mashine: unakwangua sehemu iliyooza kwa zana za mkono, kisha unajaza kijazo kinachoshikamana chenyewe na jino. Hakuna waya, hakuna mlio, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Njia ile ikapelekwa kupimwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Leo inafundishwa hata katika nchi ambazo hazijui kukatika umeme, kwa watoto wanaoogopa mashine na wazee wasioweza kutoka vitandani. Nilijifunza baadaye katika semina, na mtoto wa kwanza niliyemzibia hivyo aliniuliza tutaanza lini, nimeshamaliza.

Njia hiyo haikutibu kila kitu. Miaka hiyo hiyo kuna wazazi bara waliowapeleka vichanga wenye homa na kuhara kwa watu waliowachokonoa ufizi na kung'oa vichipukizi vya chonge, wakidai ni meno ya plastiki. Watoto walitokwa damu, wengine wakafa. Nimekaa na mama mmoja mchana kutwa nikimwonesha kwa kidole kwamba uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mwanawe ni jino linalokuja kwa wakati wake. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza kama nina mtoto.

Nirudi kwa mjukuu, maana hesabu yake si tofauti sana na yetu. Kanada nzima ina vyuo vya meno 10. Viwili kati yake, Laval na Montréal, vinafundisha kwa Kifaransa, na vingi vya majimbo mengine huwapendelea wa kwao. Wanaoomba ni wengi kuliko viti mara nyingi. Marekani ina zaidi ya 60. Kwa hiyo Mkanada hujaza fomu moja inayokusanywa mahali pamoja na kugawiwa kwa vyuo anavyovitaja, kila chuo kikiongeza ada yake, huku vyuo vingi vya umma vya majimbo vikiwatanguliza wakazi wao, na vile vya binafsi vikimfungulia mlango mgeni mwenye fedha. Na ni fedha kweli. Miaka minne inaweza kupita dola laki tatu kabla hujala wala kulipa pango. Nilipoisikia nilinyamaza, naye akadhani simu imekatika.

Jambo moja nililipenda. Kwa miaka mingi mtihani wa kuingilia vyuo vya meno Kanada ulikuwa na sehemu ya kuchonga sabuni: unapewa kipande, kisu na mchoro wenye vipimo, nao wanapima pembe zako. Wamarekani walitumia choki mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha wakaiacha kwa maswali ya picha kwenye karatasi. Baadaye Kanada nayo ikaiacha sabuni yake. Ni hasara, kwa maoni yangu. Kijana wa Jibondo aliyekulia chini ya ubavu wa jahazi linaloundwa, ambaye jicho lake linaona ubao uliopinda kwa upana wa ukucha, angeufaulu mtihani huo akiwa na usingizi. Hayo maswali ya karatasi yangemtoa.

Kinachomvusha Mkanada mpaka kwa utulivu ni makubaliano ya karatasi. Vyombo vya nchi hizo mbili vinavyothibitisha vyuo vinatambuana, hivyo anayehitimu Boston au Detroit anarudi Ontario na kufanya mitihani ile ile ya kitaifa anayoifanya aliyesoma Toronto. Aliyehitimu Muhimbili akihamia huko huanza njia nyingine: vyeti vipimwe, kisha mitihani ya maarifa, ya maamuzi ya kitabibu na ya mikono, kila mmoja na ada yake, au arudi darasani. Meno ni 32 kila mahali. Mjukuu alitetea kwamba lazima kuwe na kipimo cha kumlinda mgonjwa, na sikumpinga. Nilimkumbusha tu ile njia ya kuziba bila mashine aliyoisoma kwenye kitabu chake ilikotoka.

Insha yake ameiandika. Amenisomea, na fundi wa mashua yumo, na koleo. Ameniuliza pia kama shahada ya Marekani ingemruhusu kuja kufanya kazi Kilindoni, hata kwa miezi. Nimemweleza kwamba itabidi apite kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, alete vyeti, barua ya chuo, barua ya alikosajiliwa, kisha asubiri. Boti ya kuvukia kutoka Nyamisati haitamshinda mtu anayelipa ada ya namna ile. Barua ndizo aanze kuziomba mapema.