Kutoka kipupwe cha Unguja hadi kiangazi cha Oman: namna ya kulizoea joto

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, ndege zinazoruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, jirani na Chukwani, huchukua ndugu zetu wanaokwenda kufanya kazi Oman na nchi nyengine za Ghuba. Wengi huondoka wakisema kwamba sisi watu wa pwani joto tumelizoea. Tunaandika makala hii kwa sababu maneno hayo yanaweza kumponza mtu, hasa katika wiki mbili za mwanzo.

Tuangalie kalenda kwanza. Juni hadi Agosti hapa kwetu ni kipupwe. Kusi inavuma, usiku joto hushuka hadi nyuzi 22 hivi, na mchana ni nadra kupita 30. Miezi hiyo hiyo ndiyo kiangazi kikali cha Muscat: mchana nyuzi 40 na zaidi ni jambo la kawaida, na usiku mara nyingi haushuki chini ya 30. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulio pwani kusini-mashariki ya Muscat, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa ishirini na nne, hata usiku wa manane. Hiyo ni rekodi ya dunia. Kaskazi yetu ya Januari na Februari, tunayoilalamikia kila mwaka, kwa kawaida huishia nyuzi 32 au 33. Kwa hiyo anayesafiri Juni anatoka kwenye miezi ya baridi zaidi ya kwao na kuingia kwenye miezi ya joto zaidi ya wenzake.

Halafu kuna suala la upepo. Mtu wa Unguja akihisi joto hufungua dirisha au hutoka barazani. Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijijengea kasri ufukweni hapo Chukwani, na ukikaa pale alasiri utaelewa kwa nini. Upepo wa bahari unatupoza kwa sababu ni wa baridi kuliko ngozi yetu, ambayo huwa na nyuzi 35 hivi. Upepo wa nyuzi 43 ni kinyume chake: unauongezea mwili joto, sawasawa na hewa inayotoka kwenye tanuri. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri feni isitegemewe joto linapofika nyuzi 40. Huko, mchana madirisha na mapazia hufungwa. Ukilazimika kutumia feni, lowesha kanga au taulo ujifunike, maana maji yanayokauka ndiyo yanayopoza.

Jasho nalo hudanganya. Pwani ya Oman hewa ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka, na mtu anaona wazi kwamba yuko taabuni. Bara, upande wa Nizwa na jangwani, hewa ni kavu na jasho hukauka pale pale linapotoka. Mtu hujiona mkavu kumbe amepoteza maji mengi.

Mwili unaweza kulizoea joto hili, lakini unahitaji siku 7 hadi 14 za kukaa na kufanya kazi humo kidogo kidogo. Katika siku hizo damu huongezeka maji, moyo hupunguza kasi, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua. Wataalamu wa usalama kazini hupendekeza mfanyakazi mgeni siku ya kwanza afanye sehemu moja ya tano tu ya kazi ya kawaida kwenye joto, na kila siku aongeze sehemu nyengine kama hiyo. Tunajua si kila msimamizi atakubali. Ila hata ukipewa mapumziko ya kivulini ya dakika chache kila saa, yachukue, wala usione haya mbele ya wenyeji wanaoendelea. Wao miili yao imeshazoea. Na anayeshinda ndani ya kiyoyozi kutwa asidhani kwamba amezoea, hata akiwa na miezi mitatu nchini.

Sheria inasaidia kiasi. Oman inakataza kazi za ujenzi na za maeneo ya wazi kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, mwezi wa Juni hadi Agosti. Falme za Kiarabu zinakataza saa sita na nusu hadi saa tisa, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar, tangu 2021, inakataza saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba. Saa zote hizi tumezitaja kwa Kiswahili. Mwajiri akikutoa juani wakati huo anavunja sheria ya nchi yake, na una haki ya kumwambia hivyo.

Lakini sheria hizi ziliandikwa zikimfikiria fundi wa ujenzi. Dada zetu wengi wanaotoka Unguja wanakwenda kufanya kazi za majumbani, na kwao hakuna saa ya mapumziko ya mchana iliyotajwa. Mpishi anasimama mbele ya majiko matatu yanayowaka katika jiko lisilo na kiyoyozi. Mwengine anaanika nguo juu ya paa saa saba mchana, au anaosha magari uani. Tunashauri mambo haya yaulizwe kabla ya kutia saini: chumba cha kulala kina kiyoyozi kinachofanya kazi? Jikoni je? Kazi za nje zinafanywa saa ngapi? Piga picha kila ukurasa wa mkataba na mwachie jamaa mmoja nyumbani. Ukishafika, omba kwa adabu kuanika nguo na kufagia uani kabla ya saa moja asubuhi au baada ya magharibi. Waajiri wengi hawana pingamizi, kwa sababu wao wenyewe hawatoki nje mchana.

Maji: anayefanya kazi kwenye joto anywe glasi moja kila baada ya dakika 15 hadi 20, asisubiri kiu. Asipitishe lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji mengi kupita kiasi huondoa chumvi mwilini, na hilo nalo ni hatari. Mkojo wa rangi ya majani ya chai ni onyo. Dafu hutalipata kirahisi, lakini labani ya Oman, ukiitia chumvi kidogo, inafaa sana pamoja na chakula. Ukitoka jasho jingi tumia pakiti ya ORS, au changanya lita moja ya maji safi na salama na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache.

Jambo moja huwashangaza wageni: kiangazi, maji ya bomba la baridi hutoka ya moto, kwa sababu tangi liko juani juu ya paa. Wenyeji huzima hita ya bafuni, na maji yaliyotulia ndani ya hita hiyo, kivulini, ndiyo wanayoogea. Anayeona hilo ni gumu ajaze ndoo usiku.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na misuli kukaza ni dalili kwamba joto limeanza kumzidi mtu. Aache kazi, aingie kwenye ubaridi, alegeze nguo, anywe kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, kupata degedege au kuzimia, hapo ni dharura ya kufa na kupona, awe anatoka jasho au hatoki. Oman piga 9999. Falme za Kiarabu gari la wagonjwa ni 998, Saudia 997, Qatar 999. Wakati mnasubiri mmwagieni maji ya baridi mwili mzima, mpepeeni, na wekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Panadoli haisaidii, kwani hii si homa.

Wazee na wenye sukari au shinikizo la damu wana hatari zaidi. Anayetumia vidonge vinavyomwendesha haja ndogo mara kwa mara azungumze na daktari kabla ya kusafiri. Haya yanawahusu mahujaji vilevile: katika Hija ya 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na Saudia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu wasio na vibali waliotembea mbali juani bila hema wala mabasi.

Kuna pahala pamoja Oman ambapo Mzanzibari hujiona kama yuko kwao. Salalah, kusini kabisa, kuanzia Juni hadi Septemba huingia ukungu na manyunyu ambayo wenyeji huyaita kharifu, milima ikawa kijani na joto likabaki nyuzi ishirini na kitu. Upepo unaoleta hali hiyo umetokana na msimu ule ule unaotuletea sisi kusi. Anayepewa nafasi ya kuchagua kati ya kazi ya Salalah na ya Muscat alitie hilo kwenye hesabu zake.

La mwisho ni kwa waliokwishakaa huko miaka. Mazoea ya joto huanza kupotea baada ya wiki moja tu ya kuwa kwenye ubaridi, na baada ya mwezi huwa karibu yote yameondoka. Aliyekuja likizo Unguja mwezi wa Julai, akakaa wiki nne na kurudi kazini Agosti, anarudi akiwa mgeni. Zile siku 7 hadi 14 anazianza upya.